Kuongeza jina kwenye orodha ya WhatsApp hakubadilishi mswada wa afya

Kila mswada wa bima ya afya unapojadiliwa Kenya, ujumbe uleule hurudi kwenye magrupu: "Nakili, ongeza jina lako, tuma kwa watu kumi. Yakifika elfu moja, mswada unatupwa."

Si kweli. Hakuna anayeyapokea majina hayo. Itazame orodha yenyewe: mmoja amenakili ilipofika nambari 31, mwingine nambari 47, na sasa orodha ni mbili zisizokutana tena. Haina anwani, haitaji kifungu kinachopingwa.

Njia ipo, na ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kifungu cha 118 cha Katiba ya 2010 kinalitaka Bunge kuwashirikisha wananchi katika kutunga sheria, na cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi. Tangazo la kuomba maoni hutaja jina la mswada, anwani na siku ya mwisho. Ujumbe usio na hayo matatu, uache. Barua yako itaje kifungu, unachotaka kibadilishwe na sababu.

Mkanganyiko unaeleweka: maombi halali nayo hukusanya sahihi. Isitoshe, wengi wamekata tamaa, na kubofya "tuma" humpa mtu hisia kwamba ameshatimiza wajibu. Hapo ndipo kuna hasara, maana siku ya mwisho hupita kimyakimya.

Ukiupata tena ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Weka pale kwenye grupu anwani ya kutuma maoni.