Sayari ya majua mawili haifuati ratiba

Watu huwa wananiuliza, nyota zikiwa mbili si ndo rahisi zaidi kuiona sayari, mwanga si umezidi? Aisee hapana. Kazi yetu kwa kawaida ni kuvizia sayari ikatize mbele ya nyota yake, mwanga unashuka kidooogo, halafu programu inatafuta mshuko huo unaojirudia kila baada ya siku zilezile. Sasa nyota pacha zinazungukana zenyewe huku sayari inazizunguka zote kwa nje, kwa hiyo ikifika pale unapoitegemea unakuta nyota ishasogea, mara sayari inawahi mara inachelewa, na nyota ikiwa inaelekea upande uleule wa sayari mshuko unakuwa mrefu, zikipishana unakuwa mfupi. Programu haioni mpangilio, inaitupilia mbali mishuko hiyo.

Ndo maana mimi bado nakodolea grafu macho. Chukua nyota pacha ziitwazo TOI-1338: ile kubwa inaizidi Jua letu uzito kidogo, ndogo ni kama theluthi ya Jua, zinazungukana kwa siku 14.6. Mwaka 2019 kijana wa miaka 17 aliyekuwa mafunzoni kwenye kituo cha NASA cha Goddard, siku ya tatu tu kazini, akaona mshuko akadhani ni nyota moja imeifunika mwenzake kama kawaida yao, ila muda ukagoma. Kumbe sayari, upana wake karibu mara 7 ya Dunia, na inakatiza baada ya siku 93 hadi 95, inavyojisikia yenyewe.

Kinachoninyima usingizi ni kingine. Darubini ya Kepler iliona nyota pacha nyingi sana zinazozungukana chini ya siku 7, lakini kwenye hizo haikupata sayari hata moja, pacha zilizobanana zaidi kati ya zenye sayari ni Kepler-47, siku 7.4 hivi. Wengi tunashuku nyota ya tatu iliyo mbali, kwamba ndo iliyozivuta hizo mbili mpaka zikabanana, na katika purukushani hiyo sayari zikatupwa nje au njia zao zikainama tusizione.

Maana njia zenyewe zinayumba pia. Kepler-16b, ile sayari ya majua mawili iliyotangazwa 2011 ikaanzisha shangwe zote, tangu 2018 haikatizi tena mbele ya nyota yake kubwa kwa sisi tulio huku. Ipo, inazunguka, ila kuiona tena hivyo ni mpaka 2042 hivi. Nimeshaweka alamu.