Nyumba moja tu ndiyo inayougua: dimenshia ya kurithi inayovaa sura ya Alzheimer

Ndugu wakiniletea mgonjwa wa miaka 43 anayechanganya majina ya watoto wake, mara nyingi barua ya rufaa huwa imeandikwa "Alzheimer" na alama ya kuuliza mbele yake. Naipenda hiyo alama ya kuuliza. Kwa wagonjwa walio wengi Alzheimer ni ugonjwa wa uzeeni. Akili ikianza kupotea wakati mtu bado ana watoto shule ya msingi, kuna maswali ya kuuliza kabla hatujalikubali jina hilo, na la kwanza ni hili: nani mwingine katika ukoo aliwahi kuwa hivi?

Leo naandika juu ya kundi dogo sana la magonjwa ambayo swali hilo huweza kuyafichua, yaani magonjwa ya kurithi ya prioni, protini ya ubongo iliyojikunja vibaya. Ni nadra mno. Magonjwa ya prioni yote kwa jumla humpata mtu mmoja au wawili katika kila watu milioni moja kwa mwaka, na ya kurithi ni kama asilimia 10 hadi 15 ya hao. Daktari anaweza kufanya kazi Mwanza mpaka akastaafu bila kumwona hata mgonjwa mmoja aliyethibitishwa. Naandika hata hivyo, kwa sababu njia ya kuyashuku ndiyo hiyohiyo inayotufikisha kwenye Alzheimer ya kurithi, Huntington (ugonjwa wa kurithi unaoharibu mwendo na akili) na dimenshia, yaani kupotea kwa akili, ya sehemu ya mbele ya ubongo. Isitoshe, ni njia ya bei rahisi: karatasi, kalamu, na shangazi mmoja mwenye kumbukumbu nzuri.

Protini ya prioni sote tunayo, imetapakaa juu ya seli za neva. Maelekezo ya kuitengeneza yako kwenye jeni iitwayo PRNP, katika kromosomu ya 20. Tabu huanza protini moja inapojikunja vibaya, kwani huzivuta za jirani nazo zijikunje vivyo hivyo. Samaki mmoja akioza wote huoza. Sijaona methali inayokaribia biokemia kuliko hiyo. Stanley Prusiner alipolitoa jina la prioni mwaka 1982 alibishiwa sana, maana alidai kwamba kitu kisicho na DNA wala RNA kinaweza kuambukiza. Mwaka 1997 alipewa Nobel. Lakini kwa anayerithi hakuna aliyemwambukiza. Amezaliwa na hitilafu kwenye PRNP inayoifanya protini yake iwe nyepesi kujikunja vibaya, na huchukua miaka mingi mpaka madhara yaonekane. Nakala moja yenye hitilafu inatosha. Kila mtoto wa mgonjwa, wa kike au wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi.

Madaktari wengi tulifundishwa prioni kwa sura moja, Creutzfeldt-Jakob: mtu wa miaka sitini na kitu, akili inaporomoka kwa wiki, misuli inashtukashtuka, na baada ya miezi michache tu anafariki. Anayeijua sura hiyo peke yake atapitwa na zile za polepole. Kuna ukoo mkubwa wa Uingereza ambao jeni yao ya PRNP ina kipande kilichorudiwa mara 6 zaidi ya kawaida, herufi 144 za ziada. Katika ukoo huo huo mmoja, mtu mmoja alianza kuugua katika miaka ya ishirini, mwingine katika hamsini. Wengine walikufa haraka. Wengine waliishi na ugonjwa miaka zaidi ya 10, wakipoteza kumbukumbu, hesabu na maneno kidogokidogo kama mgonjwa wa Alzheimer. Wapo ambao kabla ya kuugua walijulikana tu kama watu wakorofi, wepesi wa hasira. Na yupo aliyepasuliwa ubongo baada ya kufa na ukakosa yale matundutundu tunayoyategemea kuona kwenye ubongo wenye prioni. Mambo yote hayo, na hitilafu ni ile ile.

Wapo pia wanaoweza kumdanganya hata mtaalamu wa hadubini. Katika ukoo mmoja wa jimbo la Indiana, Marekani, hitilafu iitwayo F198S hujaza ubongo mabaka ya amiloidi (protini iliyogandamana) na mafundo ya protini ya tau, mafundo yale yale ya Alzheimer. Tofauti huonekana pale tu mabaka yanapopimwa na kukutwa yametengenezwa na protini ya prioni. Na kule Japani kuna mwanamke aliyeanza kusahau akiwa na miaka 38, akaishi na hali hiyo kama miaka 20, akihesabiwa kuwa mgonjwa wa Alzheimer. PRNP yake ilikuwa na amri ya kusimama mahali pasipostahili, protini ikatoka fupi.

Kwa hiyo ninapochora ukoo siandiki majina ya magonjwa kwanza. Naandika umri. Nikiuliza "nani aliugua dimenshia?" naambiwa hakuna. Nikiuliza nani aliacha kazi mapema, nani alipotea njia ya nyumbani, nani alianza kuyumba akitembea, nani "alibadilika", orodha inaanza kutoka. Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo mama. Marehemu kaka yako naye alikuwaje?"

"Marahaba. Yule pombe ndiyo ilimmaliza, daktari."

"Alianza akiwa na umri gani?"

"Arobaini na ngapi sijui. Lakini alikuwa anayumba hata asubuhi, hajanywa."

Hilo la asubuhi ndilo ninaloandika. Kisha namuuliza kama ni kaka wa tumbo moja, maana kwetu mtoto wa mama mkubwa naye ni kaka, na baba mdogo naye ni baba. Bila kulinyoosha hilo, mchoro wote unakwenda kombo.

Ndoa za wake wengi, ambazo huku Usukumani bado zipo, zinatupa kitu ambacho vitabu vya jenetiki vya Ulaya havina. Tuseme mzee ana wake watatu, na ni watoto wa mke wa pili tu wanaopotea akili wakivuka 40. Majirani wanajua jibu siku hiyo hiyo: mke mwenza kaloga. Jenetiki inasema kitu kingine kabisa. Ugonjwa ukikaa nyumba moja, yaelekea umekuja na mama wa nyumba hiyo. Nenda kwao, kaulize kwa wajomba. Ukionekana nyumba zote tatu, mwangalie mzee mwenyewe na ndugu zake. Nimeona familia ikinyamaza kimya mchoro ulipofika hapo, kwa kuwa miaka mingi wamekuwa wakimtazama mama mmoja kwa jicho baya. Kanda ya Ziwa tunaijua bei ya jibu la kwanza. Vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu tu wana macho mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa jikoni maisha yao yote.

Mchoro una mashimo pia. Aliyezama na MV Bukoba mwaka 1996 akiwa na miaka 30 hakupata muda wa kuugua, lakini watoto alishawaachia. UKIMWI ulipita kanda hii mapema na kuchukua watu katika umri ule ule ambao magonjwa haya hujitokeza. Kwa hiyo familia ikisema "kwetu haipo", nauliza wazazi walifikia umri gani. Hata nchi zenye kumbukumbu nzuri, sehemu kubwa ya wagonjwa wenye hitilafu ya PRNP hawana historia yoyote inayojulikana katika familia.

Kabla sijafika huko kote, natafuta yanayotibika: VVU, kaswende iliyopanda kwenye ubongo, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyolegea, damu iliyovilia ndani ya fuvu baada ya kuanguka na bodaboda. Mgonjwa akisinzia mchana na kukesha usiku, na alikuwa porini kwenye mbung'o, nawaza malale. Hayo ni mengi kuliko prioni, na kuyakosa ni kosa lisilo na utetezi.

Kuhusu vipimo, aina hizi za polepole zina hila. Vipimo vya maji ya uti wa mgongo na picha za MRI vinavyofanya kazi vizuri kwa Creutzfeldt-Jakob ya haraka huweza kutoka safi hapa. Kinachomaliza ubishi ni kusoma jeni ya PRNP kutoka kwenye damu, na kwetu hicho si kipimo cha kila siku. Mchoro wa ukoo ndio unaonipa haki ya kukiomba.

Swali ninaloulizwa na kila familia ni kama ugonjwa utawaambukiza. Kumlisha, kumuogesha, kulala naye kitanda kimoja, kula naye sahani moja, hakuambukizi. Hatari iko kwenye tishu za ubongo na vifaa vya upasuaji wake, kwani uchemshaji wa kawaida hauziui prioni. Hilo ni letu sisi wa hospitali. Hakuna sababu ya kumtenga nyumbani.

Dawa ya kuponya haipo. Klonazepamu hutuliza kushtukashtuka, na kumfundisha mlezi jinsi ya kumlisha mtu anayepaliwa kunaokoa mengi. Nasisitiza mambo ya mali mapema: hati ya kiwanja, mtumbwi umeandikwa kwa nani, nani anajua namba ya siri ya simu. Akiweza kusema leo, asikilizwe leo.

Kisha huja kijana mzima wa miaka 25, mwana wa mgonjwa, anataka kujua kama anayo hitilafu. Watoto siwapimi. Yeye namwambia akae na wazo hilo kwanza, tuzungumze zaidi ya mara moja, na ana haki ya kutotaka kujua kabisa. Nchini Marekani Sonia Vallabh alifiwa na mama yake mwaka 2010, akapima, akakutwa na hitilafu ya PRNP iitwayo D178N. Aliacha sheria, yeye na mumewe Eric Minikel wakaingia maabara. Wanachokifuata kinaeleweka: panya walioondolewa jeni hiyo huishi, na ukiwapa prioni hawaugui. Basi ukiweza kuipunguza protini yenyewe kwa binadamu, kuna tumaini. Dawa ya namna hiyo, inayodungwa kwenye uti wa mgongo, imeshaanza kujaribiwa kwa wagonjwa, na kijana namweleza hivyo hivyo, bila kuongeza chumvi. Halafu namuomba namba ya simu ya mjomba wake mkubwa.