Je, wajua kwa nini wapo wanaotaka kuwasha muunganiko wa nyuklia, yaani viini vya atomu kuungana na kutoa nishati, kwa ioni (atomu zenye chaji ya umeme) badala ya leza?

Tarehe 5 Desemba 2022, katika maabara ya Lawrence Livermore huko California, Marekani, miali 192 ya leza iliingizwa kwa mpigo mmoja ndani ya silinda ya dhahabu yenye urefu wa takriban sentimita 1. Katikati ya silinda hiyo palikuwa na tufe la almasi lenye kipenyo cha milimita 2 hivi, ambalo ndani yake mlitandazwa tabaka jembamba la deuteri na triti, aina mbili nzito za haidrojeni, zikiwa zimegandishwa. Miali ilipeleka nishati ya megajuli 2.05, na muunganiko wa viini ukatoa megajuli 3.15. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza fueli ilipotoa nishati nyingi kuliko ile iliyopelekwa kuiwasha.

Leza haikuligusa tufe lenyewe. Ilipasha moto kuta za silinda hadi zikatoa eksirei, na eksirei hizo zikaunguza ganda la tufe kwa nje. Ganda linapofumuka kuelekea nje, fueli husukumwa kuelekea ndani kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde, hushindiliwa, na kitovu chake hupita nyuzi milioni 100 za Selsiasi. Viini huungana kabla fueli haijawahi kutawanyika, na kila muungano huzaa kiini cha heliamu, kinachozidi kuipasha moto fueli iliyo jirani, pamoja na nyutroni inayoondoka na karibu asilimia 80 ya nishati.

Lakini ili kupata megajuli hizo 2 za mwanga, mtambo ulivuta takriban megajuli 300 za umeme. Mtambo huo ulijengwa kwa ajili ya majaribio, kwa hiyo si haki kuulaumu, ila hesabu yenyewe inaonyesha ukubwa wa kazi iliyobaki. Tuseme leza inageuza asilimia 1 tu ya umeme kuwa mwanga, na fueli inazidisha nishati hiyo mara 100: joto litakalopatikana litalingana tu na umeme uliotumika, na bado turbini itapoteza zaidi ya nusu yake. Kifaa chenye ufanisi wa asilimia 25, kwa fueli ileile, kingerudisha joto mara 25 ya umeme huo.

Mitambo ya kuongeza kasi ya chembe inaweza kufikia ufanisi wa kiwango hicho, na ndiyo maana tangu miaka ya 1970 wanafizikia wamependekeza kurusha ioni za elementi nzito badala ya mwanga. Mitambo ya aina hiyo imezoea kutoa mipigo mingi kila sekunde, tena kwa muda mrefu, ilhali vipande vya kioo vya leza ile ya California huhitaji saa kadhaa kupoa baada ya mpigo mmoja. Kituo cha umeme kingehitaji mipigo kadhaa kila sekunde.

Ugumu wa ioni uko kwingine. Zote zina chaji ya aina moja, hivyo husukumana, na kadiri zinavyobanwa pamoja ndivyo zinavyozidi kukataa kukusanyika. Mwali unatakiwa ufike ukiwa na upana wa milimita chache na udumu kwa sehemu chache za bilioni za sekunde. Huko Berkeley, watafiti waliupitisha mwali ndani ya plazima, yaani gesi ya ioni na elektroni zilizo huru, ambayo elektroni zake hufuta msukumano huo, wakaweza kuufupisha mpigo mara makumi. Hata hivyo, hakuna mtambo wa ioni uliojengwa wenye nguvu za kutosha kuwasha fueli.

Leza nazo zinaboreka, kwa kuwa zile zinazotumia diodi (vijenzi vidogo vya kielektroniki vinavyotoa mwanga) badala ya taa za mmweko hazipotezi umeme mwingi kama hizo. Kwa maoni yangu, kwa hiyo, hoja nzito zaidi ya upande wa ioni si ufanisi, bali ni ile sehemu ya mwisho inayoelekeza mwali. Lenzi ya leza haina budi kutazamana na mlipuko ana kwa ana na kupigwa na nyutroni na vipande vyake mpigo baada ya mpigo, wakati mwali wa ioni huelekezwa na sumaku ambazo koili zake hukaa pembeni, nyuma ya kinga nene, na mwali ukapita katika uwazi wa katikati.