Barafu haijaua kitu

Jumamosi nimeulizwa tena. Tuko watu wanane msituni, pumzi zinatoka mvuke, hata kijito hatujavuka, na bwana mmoja ananiuliza: “Mwalimu, kwani baridi hii haijaua uyoga wote?” Kila mwaka swali ni lile lile.

Uyoga ni tunda. Kuvu wenyewe ni nyuzi zilizotanda ndani ya gogo, na humo kazi inaendelea. Hilo nalipita haraka, lipo katika kila kitabu.

Kinachonikera ni hilo neno “kuua”, maana hata tunda lenyewe mara nyingi halijafa. Chukua uyoga-sikio. Ukikauka huwa mgumu, mweusi, kama ulimi wa kiatu kilichotupwa; watu wanaupita tu. Mvua ikinyesha unafura, unalainika, unaanza tena kumwaga spora, vumbi lake la uzazi. Au Flammulina velutipes, ule wa rangi ya chungwa wenye kofia inayoteleza kana kwamba imepakwa mafuta. Unaganda hadi ukiugonga kwa ukucha unalia ko! Barafu ikiyeyuka, unaendelea pale ulipoishia. Huko ndiko kufa?

“Basi unaliwa?” Nilijua litafuata. Kwenye magogo ya namna hiyo hiyo, baridini hadi pale barafu inapokaza, huweza kuota Galerina marginata: mdogo, wa kahawia, mwenye amatoksini. Sumu hiyo haitoki kwa kupikwa wala kwa kugandishwa, na kutapika kwa kawaida huanza baada ya saa 6 au zaidi, mtu akiwa ameshasahau alichokula. Vitabu vinakuambia utazame pete kwenye shina la Galerina. Pete! Hudondoka, ikabaki alama ambayo hata mimi naikosa. Afadhali unga wa spora: wa Flammulina ni mweupe, wa Galerina ni wa rangi ya kutu. Na nikiri kitu: nikitamka “velutipes” mara nyingine nabahatisha, kwa sababu ina ndugu ambao hutenganishwa kwa hadubini tu. Ndiyo maana kwenye matembezi yangu tunakula kwa macho.

Na macho yanashiba. Kwenye tawi lililolowa maji, lililooza, lisilo na gome, tukakuta barafu ya nywele: nyuzi nyeupe laini, zimechanwa upande mmoja kama mvi za bibi. Alfred Wegener, yule wa mabara yanayosogea, aliwahi kushuku mwaka 1918 kwamba kuna mkono wa kuvu. Mwaka 2015 watafiti wakamtaja kuvu huyo: Exidiopsis effusa. Hasukumi barafu itoke. Anachofanya ni kuzizuia nyuzi zisiungane kuwa donge. Bila yeye, tawi lile lile hutoa ganda la barafu la kawaida.

Bwana wa “baridi imeua” akapiga magoti, akasogeza uso karibu mno. Pumzi yake ikaziyeyusha zote.