Chasisi ya mbio haifugwi kwa kontrola

Swali la wajenzi wa treni za modeli limenifikia tena, na safari hii limekuja na picha ya chasisi, yaani sehemu ya chini yenye mota na magurudumu, iliyokwisha kununuliwa: "Si ni ya N, ile ya reli zenye nafasi ya milimita 9? Nikiifunika bodi, lile gamba la juu, ya skeli ya 1:87 si basi? Mwendo nitaupunguza kwa kontrola."

Si basi. Na huo mwendo hutaupunguza.

Geji ndiyo hesabu nyepesi kuliko zote, tuimalize upesi. Chukua nafasi kati ya reli mbili halisi, uigawe kwa skeli. Reli ya Sigi, ile ya kubebea mbao iliyotoka Tengeni enzi za Mjerumani, ilikuwa ya milimita 750; kwa 1:87 unapata 8.6, kwa hiyo chasisi ya N inafaa. Reli ya Bububu kule Unguja ilikuwa ya futi tatu, yaani milimita 914; kwa 1:76 unapata 12 kamili, kwa hiyo tafuta chasisi za TT, zile za milimita 12. Reli ya mita ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa 1:87 ni 11.5, nayo inakwenda kwenye 12. Ukiilazimisha kwenye 9 umejenga reli ya sentimita 78, na bodi itaning'inia pembeni kama kanzu ya kuazima.

Baada ya geji, pima umbali kati ya ekseli. Usikisie katikati ya ekseli kwa macho. Weka kipimio cha vernia kwenye ukingo wa mbele wa gurudumu la kwanza na ukingo wa mbele wa gurudumu la pili la kipenyo kilekile. Hicho ndicho kipimo. Tenshodo, watengenezaji wa Kijapani, walifanya jambo la maana, wakakiandika kwenye jina: WB-24.5 ni milimita 24.5. Wauzaji wengi hukupa urefu wa chasisi nzima, ambao hausaidii kitu. Ikiwa kichwa cha treni unachokiiga kina fremu nje ya magurudumu, unaweza kuiba nusu milimita kila upande: boksi za ekseli unazibandika pale zinapotakiwa kuonekana, ekseli yenyewe inabaki ndani ilipo. Magurudumu yakiwa wazi, hasa yenye fito za kuyaunganisha, usijaribu. Tafuta chasisi nyingine.

Sasa mwendo, maana hapa ndipo watu wananichosha.

Chukua mota ndogo inayozunguka mara 15,000 kwa dakika ikipata volti 12, giya ya 1:20, na magurudumu ya milimita 8. Gurudumu linazunguka mara 750 kwa dakika, na kila mzunguko ni milimita 25. Hiyo ni zaidi ya milimita 310 kwa sekunde, ambayo kwa 1:87 ni karibu kilomita 98 kwa saa. Kichwa cha kuvuta magogo mlimani unataka kiende kilomita 20 kwa saa, yaani milimita 64 kwa sekunde. Utakuwa unaiendesha mota kwa moja ya tano ya uwezo wake, kwenye volti mbili na kitu. Mota ya nguzo tatu kwenye volti hizo haiendi, inadunda: inasimama, inanguruma, inaruka. Uchafu kidogo tu kwenye reli na imezima. Kontrola inapunguza volti, na volti ndizo zinazompa mota nguvu ya kujikwamua. Unamnyima chakula halafu unamlaumu kwa kuchoka.

Dekoda nzuri (saketi ndogo ndani ya kichwa inayoiongoza mota kidijitali) inayosoma mwendo wa mota na kuusahihisha inapunguza kudunda, sikatai. Lakini nayo inapambana na giya ileile. Dawa ni giya. Kwa 1:40 kasi ya juu inashuka hadi 49, kwa 1:60 hadi 33, na hapo kwa mwendo wa 20 mota inapumua kwenye volti saba hivi.

Njia ya kwanza: chunguza womu, ile giya yenye umbo la skrubu. Ukiona ina mistari miwili inayozunguka sambamba, ibadilishe kwa yenye mstari mmoja wa moduli (ukubwa wa meno) ileile. Mwendo unakuwa nusu. Vitabu vitakukatalia kwa sababu pembe ya meno hailingani sawasawa. Ni kweli hailingani. Kwa ukubwa huu inafanya kazi, ila kelele zinaongezeka, na maisha marefu ya giya ya plastiki iliyo chini yake mimi siwezi kuyaapia.

Njia ya pili ni mota za N20, zile zenye giya zake kichwani, ambazo maduka ya elektroniki huuza kwa bei ya chini. Nunua ya volti 12. Ya volti 6 utaikaanga. Na tafadhali, usiichukue ya 1:30 ukaiunganisha na womu ya 1:20. Hiyo ni 1:600; konokono ataipita. N20 ya 1:50 au 1:100 iunganishe na ekseli kwa giya mbili za ukubwa sawa, bila womu. Itapiga kelele kuliko chasisi ya kiwandani, na hilo sijaona dawa yake ya kuridhisha.

Ukifunga womu upya, weka kipande cha karatasi ya printa kati yake na giya, kaza mota, kisha izungushe karatasi itoke. Inaacha nafasi ya kama milimita 0.1. Ukikaza bila nafasi, mota inapata joto na kaboni zake, zile zinazoipitishia umeme, zinaisha mapema. Ukiacha nafasi kubwa, meno yanarukana kwenye mlima.

Uzito: tarajia mvuto wa kama robo ya uzito ulio juu ya magurudumu yanayoendeshwa, pungufu kidogo mara nyingi. Jaza risasi, ile metali nzito, lakini igandishe kwa epoksi. Gundi nyeupe ya mbao hula risasi polepole. Inavimba na kupasua bodi miezi mingi baadaye, ukiwa umeshapaka rangi.

Mwisho, chasisi za zamani zilizogawanywa nusu mbili za chuma. Kila nusu inabeba umeme wa reli moja, na kaboni za mota zinagusa nusu hizo moja kwa moja. Bodi ya shaba ikizigusa zote mbili, umepiga shoti. Ukitaka dekoda, toa mota, funika sehemu zote za mguso kwa tepu ya Kapton isiyopitisha umeme, lehemu waya mbili kwenye vishikio vya kaboni, kisha pima kwa mita kati ya kila kaboni na kila nusu. Mita ikilia popote, usiunganishe dekoda. Itaungua mara tu ukiwasha.