Seli shina si seli za shina

Nianze na maana, niimalize haraka, kisha nije kwenye kinachonikera. Seli shina ni seli ambayo bado haijafungwa kwenye kazi maalumu ya mwili, na ina uwezo wa mambo mawili: ikigawanyika inaweza kutoa nyingine kama yenyewe, na inaweza pia kutoa seli zitakazokwenda kufanya kazi fulani, iwe kubeba oksijeni, kupigana na vijidudu au kufunika kidonda. Ikikosa moja kati ya hayo mawili, itafutiwe jina lingine.

Sasa kero. Jumamosi moja nilikwenda kumwona mjomba wangu Kisenyi, hapa Kampala. Moyo wake umepanuka, na miguu humvimba mpaka ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Nilimkuta na jirani yake, mama mchangamfu ambaye mtaa mzima unamwita Nalongo kwa sababu ya mapacha wake. Maji ya moto yalikuwa tayari. Nalongo akang'ata ncha ya pakiti, akamimina unga wa waridi kwenye glasi, akaukoroga kwa mpini wa kijiko, maana upande wa pili wa kijiko ulikuwa na sukari. Kwenye pakiti palichorwa tofaa lenye tone la umande.

"Mzee, hizi ni seli za shina," akasema. "Zimetolewa kwenye shina la mtofaa huko Ulaya. Zikiingia mwilini zinatafuta palipochoka. Moyo unaota upya."

Boksi moja, shilingi 250,000. Mjomba akanigeukia, akaniuliza kama sasa anaweza kuacha vile vidonge vya kutoa maji, vinavyomwamsha usiku kwenda chooni.

"Usiache hata kimoja, mjomba," nikasema, kwa haraka kuliko adabu inavyoruhusu mbele ya mgeni.

Nimefundisha Kiswahili Kampala muda wa kutosha kujua kwamba kineno kidogo kinaweza kula pesa za mtu. Hapa ni "za". Neno zima la Nalongo limesimama juu yake. Ukisema seli za shina, msikilizaji anaona shina la mti na seli zilizokwanguliwa humo, kama mtu anavyobandua gome la mwarobaini. Ukisema seli shina, umesema seli ambayo yenyewe ndiyo shina. Kampuni mama ni kampuni iliyozaa nyingine. Kampuni ya mama ni kibanda cha chapati cha mama yako. Hakuna anayezichanganya hizo mbili, hata mtoto wa P.4.

Au tuchukue neno ambalo Uganda tunalijua kwa uchungu zaidi, selimundu. Watoto wengi mno wanazaliwa na ugonjwa huo hapa. Seli nyekundu ya damu inajikunja mfano wa mundu wa kukatia majani, inakwama kwenye mishipa myembamba, na mtoto analia kwa maumivu ya mifupa. Sijawahi kumsikia mzazi akidhani kwamba seli hizo zimetoka kwenye mundu. Muundo wa neno ni uleule: jina la kwanza linataja kitu, la pili linasema kikoje. Kwa nini basi kwenye shina tunapotea?

Sehemu ya lawama ni yetu tunaoandika. Redioni na magazetini "seli za shina" imezoeleka, na wengi mjini hapa hulisikia neno kwanza kwa Kiingereza, stem cell, wakalitafsiri papo hapo ndani ya teksi. Lakini hata Kiingereza kilikopa. Neno lilianza kwa Kijerumani, Stammzelle, na aliyelipeleka kwenye maandishi ya sayansi ni mwanabiolojia Mjerumani Ernst Haeckel mwaka 1868. Haeckel alikuwa mpenzi mkubwa wa kuchora miti ya nasaba za viumbe, na kwa neno hilo alimaanisha kiumbe cha seli moja ambacho viumbe vingine vyote vimetokana nacho. Miaka michache baadaye akaliita hivyohivyo yai lililorutubishwa. Stamm kwa Kijerumani ni shina la mti, na pia ni ukoo, ni kabila. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza shina hilo lilikuwa la nasaba. Halikuwa na utomvu.

Na sisi tunaoishi Buganda hatuna udhuru wa kutolielewa. Ukoo wa Kiganda unagawanyika ngazi kwa ngazi, na ngazi mojawapo huitwa mutuba. Mutuba ni mti uleule unaotoa nguo ya gome. Mtu akikwambia yeye ni wa mutuba fulani, humtazami ngozi kuona kama inabanduka. Unaelewa kwamba ametaja chimbuko.

Watanzania nao wana lao, ambalo linanichekesha kila nikilikumbuka. Katika chama chao tawala, kile kikundi cha nyumba kumi ambacho Kiingereza kilikiita seli, wao walikiita shina, lenye balozi wake, na juu ya shina likaja tawi. Maana yake ni kwamba kwa Mtanzania wa makamo, seli na shina ni kitu kimoja, na "seli shina" ukilichukulia kisiasa ni sawa na kusema nyumba kumi-nyumba kumi. Huku kwetu mijini, eneo la LC1, yaani baraza la mtaa, nalo huitwa seli. Na sero ya polisi ni neno hilohilo lililopitia mlango mwingine. Wote ni wajukuu wa neno la Kilatini la chumba kidogo. Robert Hooke alilitumia mwaka 1665 alipotazama kipande cha gome la koki kwa hadubini akaona vijumba vitupu vilivyopangana. Alichokiona kilikuwa kuta za seli zilizokwisha kufa, lakini jina likabaki. Nimetoka nje ya njia kidogo.

Nirudi shambani, kwa sababu hapo ndipo mfano bora ulipo, na kila Mganda anaukanyaga kila siku. Ile nguzo ya kijani ya mgomba unayoikata kwa panga si shina. Ni maganda ya majani yaliyokumbatiana. Shina la kweli liko chini ya udongo, huwezi kuliona bila jembe, na ndilo linalotoa machipukizi. Mgomba ukishazaa mkungu mmoja kazi yake imekwisha, unakatwa, wanapewa ng'ombe. Shina linabaki, linatoa chipukizi jingine, na shamba linaendelea miaka na miaka bila mtu kupanda mbegu. Seli shina za uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, zinafanya hivyohivyo. Seli nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, basi. Nayo ni mgomba uliokwisha kuzaa. Uboho unatengeneza nyingine zipatazo milioni 2 kila sekunde, wala shina halimaliziki.

Waliolithibitisha hilo walikuwa James Till na Ernest McCulloch wa Toronto, mwaka 1961. Waliwapiga panya mionzi mpaka uboho ukafa, wakawadunga uboho wa panya wengine, wakaona vinundu vimeota kwenye wengu. Baadaye ikaonekana kila kinundu kimezaliwa na seli moja tu. Ndiyo maana leo mgonjwa wa saratani ya damu anaweza kupandikizwa uboho akapona: umemhamishia shina, si damu.

Mimea nayo ina seli shina zake, sikatai. Ziko kwenye ncha zinazokua, na ndizo zinazowawezesha watafiti wa kituo cha kilimo cha Kawanda kuotesha miche ya migomba ndani ya vichupa kutokana na kipande kidogo cha ncha. Lakini seli shina ya mgomba inajua kuzaa mgomba, na ya mtofaa mtofaa. Ukiimeza, tumbo linaifanyia lilichoifanyia mboga ya jana: asidi inaivunja, vimeng'enya vinaikatakata, na kinachoingia kwenye damu ni sukari na asidi amino ambazo hazikumbuki zilitoka wapi. Kama kumeza kungetosha, sisi tunaokula matooke kutwa mara mbili tungekuwa tumeshachipua.

Niligeuza ile pakiti ya Nalongo. "Hifadhi mahali pakavu," ilisema, na tarehe ya kuharibika ilikuwa mbele kwa miaka miwili. Maabara wanaotaka seli zibaki hai kwa muda kama huo huzizamisha kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Hii ilikuwa imekaa kwenye mkoba wa Nalongo, pamoja na chaja ya simu.

Kinachouma zaidi ni kwamba wamechagua moyo. Kati ya viungo vyote, moyo ndio wenye shina dhaifu kuliko tunavyotamani. Ngozi inajirudisha, damu inajirudisha, ini linajitahidi. Misuli ya moyo karibu hairudi. Namna walivyolipima jambo hili ni ya kupendeza: majaribio ya mabomu ya nyuklia ya wakati wa vita baridi yalijaza hewani kaboni-14, kaboni yenye mnururisho, ikaingia kwenye vyakula na kwenye chembe za urithi za kila aliyekuwa hai, na baada ya 1963 ikaanza kupungua mwaka hadi mwaka. Mwaka 2009 kundi la Jonas Frisén wa Stockholm lilitumia kiasi cha kaboni hiyo kama cheti cha kuzaliwa cha seli za moyo. Walikuta kijana wa miaka 25 anabadilisha kama asilimia 1 ya seli za misuli ya moyo kwa mwaka, na mzee wa miaka 75 chini ya nusu ya hapo. Nusu nzima au zaidi ya moyo utakaozikwa nao ni ule uliokuja nao. Na mshtuko mmoja mkubwa wa moyo unaweza kuua seli zipatazo bilioni moja kwa saa chache.

Wataalamu wenyewe walishawahi kujidanganya hapa, kwa hiyo Nalongo hayuko peke yake. Mwaka 2001 maabara ya Piero Anversa huko Marekani ilitangaza kwamba seli za uboho zimejenga upya moyo wa panya. Dunia ikashangilia, wagonjwa wakadungwa katika majaribio, pesa zikamwagika. Maabara nyingine zilirudia zikakosa. Mwaka 2018 Harvard na hospitali ya Brigham and Women's zikataka makala 31 za maabara hiyo ziondolewe, kwa kuwa zilikuwa na data za kupikwa.

Kilicho hai leo ni njia nyingine. Shinya Yamanaka wa Kyoto alionyesha mwaka 2006 kwamba seli ya kawaida ya panya inaweza kurudishwa utotoni, ikawa shina tena. Mwaka 2007 ikafanyika kwa binadamu, na mwaka 2012 akapata Nobeli. Kutoka hapo maabara zinatengeneza seli za misuli ya moyo zinazodunda ndani ya kisahani, uzione kwa macho yako. Lakini sikiliza vizuri: kinachopandikizwa ni seli za moyo zilizozaliwa na seli shina. Ukiiweka seli shina yenyewe ikiwa bado changa, inaweza kukuotesha uvimbe wenye nywele na meno. Na hata hizo zilizokomaa kidogo, zilipowekwa kwenye mioyo ya nyani mwaka 2014, mapigo yalikwenda mrama kwa muda. Majaribio kwa binadamu yanaendelea, taratibu, hospitalini, kwa sindano na visu. Hakuna kijiko.

Nikasema haya yote, kwa kifupi kuliko nilivyoandika. Nalongo akanisikiliza vizuri, kisha akasema, "Lakini mwalimu, wanasayansi si wamegundua?" Nikamwambia wamegundua, tena hapahapa. Kaskazini mwa Uganda walifuata watoto 818 ambao kipimo cha picha ya moyo kilionyesha dalili za mwanzo za ugonjwa unaoanzia kwenye mafindofindo. Nusu walidungwa penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili. Kati ya waliodungwa, ugonjwa ulisonga mbele kwa watoto asilimia 0.8 tu; kati ya wengine, kwa asilimia 8.2. Penisilini, dawa ya enzi za babu. Haina picha ya tofaa.

Mjomba aliendelea na vidonge vyake. Ule unga aliumaliza, kwa heshima ya jirani, akasema una ladha ya Fanta iliyolala.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nimekaa kibarazani pale, nikamsikia Nalongo ng'ambo ya ukuta akimhudumia mteja mwingine. "Usiseme seli za shina, ssebo," alikuwa akisema kwa sauti ya mwalimu. "Ni seli shina. Kama kampuni mama." Nikazunguka mlango, nikamsalimu, nikampa pole ya kazi. Nikamwambia sarufi sasa imekaa sawasawa kabisa, imebaki kitu kidogo tu: humo ndani ya pakiti hamna hata moja.