Mng'ao katika picha za bidhaa: maana yake na namna ya kuutawala nyumbani

Katika upigaji picha, mng'ao ni lile doa kali jeupe linalojitokeza juu ya kitu laini kinachometameta, likafunika rangi, maandishi au nakshi iliyo chini yake. Wauzaji wengi wanaopiga picha za bidhaa zao nyumbani hudhani kwamba mwanga umezidi, hivyo huzima taa moja baada ya nyingine mpaka picha inaingia giza, na doa linabaki pale pale. Linabaki kwa sababu mng'ao hautokani na wingi wa mwanga. Mng'ao ni sura ya chanzo cha mwanga, iwe taa au dirisha, inayoonekana ndani ya bidhaa kama vile uso wa mtu unavyoonekana kwenye kioo.

Kikapu cha ukili kina uso uliojaa mikunjo na nyuzi, kwa hiyo miale inayokifikia hutawanyika kila upande, na mtazamaji hukiona vizuri kutoka popote alipo. Bangili ya fedha, chupa ya manukato au sufuria mpya haifanyi hivyo. Uso wake hurudisha kila mwale kuelekea upande mmoja tu, kwa pembe iliyo sawa na ile uliyojia. Kamera ikiwekwa kwenye njia ya mwale huo itaiona taa, na ikitolewa njiani haitaiona. Kwa bidhaa iliyo bapa, kama picha iliyotiwa kioo, kanuni hii peke yake humaliza kazi: taa iwekwe pembeni, mbali na njia inayorudi kwenye lenzi. Mimi hulaza kioo kidogo cha mfukoni juu ya bidhaa, kisha ninatazama nikiwa mahali pa kamera. Taa ikionekana kwenye kioo hicho, itaonekana pia kwenye bidhaa, na hapo ninaisogeza kabla sijapiga picha hata moja. Flashi ya simu nayo inafaa izimwe, kwa kuwa imekaa karibu kabisa na lenzi, na bidhaa bapa inayoikabili kamera huurudisha mwanga wake moja kwa moja ulikotoka.

Kuna pia kichujio cha polaraizi, yaani kioo cha kufunga mbele ya lenzi kinachopitisha mwanga unaotikisika katika mwelekeo mmoja tu, ambacho husifiwa kupita kiasi. Mwanga ulioakisiwa na kioo, plastiki au vanishi hutikisika zaidi katika mwelekeo mmoja, jambo ambalo Mfaransa Étienne-Louis Malus alilitambua mwaka 1808 alipotazama, kupitia kipande cha fuwele, jua lililoakisiwa na madirisha ya Kasri la Luxembourg mjini Paris. Kichujio kikizungushwa mbele ya lenzi huuzuia mwanga huo, na kwa kioo hufanya kazi vizuri zaidi miale inapokifikia kwa takribani nyuzi 56 kutoka kwenye mstari unaosimama wima juu ya uso wake. Hata hivyo, metali haziupangi mwanga kwa namna hiyo, na ndiyo maana anayeuza vito vya fedha au vyombo vya shaba hununua kichujio hicho na asione badiliko lolote la maana.

Tuchukue dele la kahawa la shaba. Tumbo lake lililotuna huona karibu chumba kizima: dirisha, balbu, feni, mlango ulioachwa wazi, na mpigapicha mwenyewe akiwa ameinua simu. Hapa hakuna mahali pa kuificha taa. Kwa kuwa dele halitaacha kuakisi, kinachobaki ni kuchagua litakachoakisi, na kitu kinachofaa ni eneo pana, jeupe, lisilo na michoro. Tundika shuka nyeupe kati ya dirisha na dele, zima balbu ili rangi mbili za mwanga zisichanganyike, kisha weka karatasi nyeupe ya manila upande wa pili. Shuka ikae karibu na dele kadiri inavyowezekana bila kuingia kwenye picha, kwa sababu ukubwa unaohesabika ni ule ambao bidhaa inauona. Jua ni kubwa mno, lakini kwa umbali wake linachukua takribani nusu nyuzi tu ya anga, na ndiyo maana jua la mchana huacha nukta kali juu ya shaba, ilhali siku ya mawingu, anga lote linapogeuka kuwa taa, dele lile lile huonekana tulivu. Rudi nyuma mita moja na nusu au mbili na uikuze picha kwa lenzi, ili sura yako kwenye shaba ipungue, au ujifiche nyuma ya manila yenye tundu la kupitishia lenzi.

Wengi huishia hapo, na picha yao hukosa uhai. Dele lililozungukwa na weupe mtupu hupoteza umbo lake na kufanana na plastiki, kwa sababu jicho huitambua metali kwa kuona mahali panapong'aa pakipakana na mahali penye giza. Mng'ao, kwa hiyo, haufai kufutwa wote. Kata vipande viwili vya karatasi nyeusi, kila kimoja na upana wa vidole vitatu hivi, uvisimamishe kushoto na kulia nje kidogo ya fremu. Ukivisogeza taratibu utaona mstari mweusi mwembamba ukiteremka kwenye kingo za tumbo la dele, ukiufuata mviringo wake mpaka kwenye kitako. Mdomo wake, ambao ulikuwa umezama kwenye weupe wa shuka, unajitenga na kupata ncha, na mikwaruzo ya nyundo ya mfuaji inaanza kuhesabika mmoja mmoja.